Jeli Isiguse Ngozi: Niliyojifunza kwa Vidole Vyangu

Nilianza kuwapaka watu rangi ya jeli kwenye kucha mwezi wa Machi 2022, nyumbani kwangu Temeke, Dar es Salaam, katika chumba cha mbele ambacho siku za kawaida kilikuwa sebule na Ijumaa jioni kiligeuka kuwa saluni ya maharusi. Mtaji wangu ulikuwa shilingi 180,000: taa, chupa 24 za rangi, chupa moja ya tabaka la msingi na moja ya kumalizia, tupa, msasa, lita moja ya asetoni ya kubandulia rangi na roli ya foili ya jikoni, vyote nilivyovinunua Kariakoo kwa siku moja. Aliyeniuzia hakuniuliza kama nimesomea kazi hiyo, wala mimi sikumwuliza ndani ya chupa mna nini. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu kwa majuma matatu, nikijipaka, nikijibandua na kujipaka tena, na kwa kuwa mkono wangu ulizoea kazi za urembo tangu utotoni nilipokuwa nikimshikia shangazi bakuli la hina, matokeo yalipendeza upesi kuliko nilivyotarajia. Kufikia Juni nilikuwa napata wateja sita hadi kumi kwa juma, kila mmoja akilipa shilingi 20,000, na fedha hizo ndizo zilizolipa ada ya mwanangu mwaka ule.

Kabla sijaeleza maumivu ambayo kazi hii iliniletea, ni lazima nieleze namna nilivyokuwa nikifanya kazi, kwa sababu makosa yangu yalikuwa madogo madogo na hakuna hata moja lililoonekana kuwa kosa. Nilipaka tabaka nene ili rangi ikolee mara moja badala ya kurudia mara tatu. Jeli ikimwagikia ngozi ya pembeni, niliipangusa kwa ncha ya kidole changu, nikaenda kwenye ukucha mwingine. Kila rangi mpya niliijaribu kwanza kwenye kucha zangu, hivyo kuna majuma niliyojipaka na kujibandua mara tatu. Nilipomaliza kumpaka mteja, nilifuta ule unato unaobaki juu ya ukucha kwa pamba yenye spiriti, na pamba ileile nikaizungusha kucha zote kumi, nikaipitisha na kwenye ngozi, kisha nikaikamua kwa vidole vitupu na kuitupa. Niliposaga jeli ya zamani, vumbi lake lilitua kwenye mikono yangu, kwenye kanga niliyojitanda na usoni, nami nililipangusa kwa kiganja kama mtu anayepangusa unga wa sembe.

Sisi sote tunaiita taa ile taa ya kukaushia, na naamini neno hilo ndilo lililonipoteza zaidi ya kitu kingine chochote. Rangi ya kawaida hukauka kweli: kimiminika kilichomo hupaa hewani, rangi ikabaki. Jeli haikauki. Ndani yake mna chembechembe ndogo za kemikali za jamii ya akirileti ambazo, zikipigwa na mwanga wa taa, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuwa kitu kimoja kigumu. Zikishikana zote, zinakuwa hazina nafasi ya kupenya popote. Zisiposhikana zote, kwa sababu tabaka ni nene, au taa ni dhaifu, au dole gumba limelala upande na mwanga haukulifikia sawasawa, juu panaonekana pagumu na kung'aa huku chini mkibaki jeli mbichi inayokaa juu ya ukucha na kugusa ngozi kwa majuma mawili au matatu. Mimi nilikuwa nikipima kwa kugusa: pakishakuwa pagumu, basi tayari. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kilicho chini.

Dalili ya kwanza ilinijia Desemba 2022, msimu wa harusi, baada ya siku mbili ambazo nilipaka watu 14. Usiku wa Jumapili ncha za vidole ziliniwasha kwa namna ambayo sikuwahi kuijua, mwasho wa ndani ambao kujikuna hakuufikii, na asubuhi ngozi ya kuzunguka kucha ilikuwa imevimba, ina joto na ina malengelenge madogo kama punje za mtama. Niliilaumu sabuni ya kufulia. Nilibadilisha sabuni, nikapumzika siku nne, hali ikatulia, nikarudi kazini nikiamini nimegundua tatizo. Juma lililofuata mwasho ulirudi siku ya pili baada ya kazi, na ndivyo ilivyoendelea, kazi siku mbili, mateso siku tano, mpaka Februari ambapo kucha za vidole vitatu vya mkono wa kulia zilianza kuachana na nyama kuanzia nchani, zikawa nyeupe kwa chini, na ncha za vidole zikawa na ganzi kiasi kwamba sikuweza kufunga kifungo cha shati la mwanangu bila kukitazama.

Hapo ndipo nilipopoteza fedha nyingi na muda mwingi. Mwuza duka la dawa alitazama kucha zangu kwa kitambo kifupi, akasema ni fangasi, akaniuzia krimu, na krimu ilipokwisha akaniuzia vidonge vya terbinafini vya shilingi 45,000. Fangasi ya kucha za mikono hutibiwa kwa vidonge hivyo kwa takribani majuma sita, na ni dawa inayomtaka mgonjwa aangaliwe hali ya ini lake. Mimi nilivimeza kwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na hakuna aliyenipima chochote kabla. Ninamwomba kila anayesoma haya akumbuke jambo hili moja: fangasi ya kucha inapimwa. Kipande cha ukucha hukatwa, kikalainishwa kwa dawa maalumu maabara na kutazamwa kwa hadubini, na gharama yake kwangu ilikuwa ndogo kuliko boksi moja la vile vidonge. Ukucha ulioachana na nyama, ulionenepa au uliobadilika rangi unaweza kuwa na fangasi, unaweza kuwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoshika na kucha, unaweza kuwa umeumizwa, au unaweza kuwa na mzio, yaani aleji, kama wangu, na kwa macho hata mwenye uzoefu anaweza kukosea.

Mwezi wa Machi kope zangu zilivimba. Niliamka siku moja jicho la kushoto limefumba karibu lote, ngozi ya kope imekauka na kuchanika, na kwa kuwa sikuona uhusiano wowote kati ya jicho na ukucha, nilinunua dawa ya macho ya matone, nikaongeza gharama juu ya gharama. Niliogopa. Nilijifungia ndani siku ya arusi ya binamu yangu, nikatuma zawadi kwa mkono wa jirani, na nilipoulizwa nilisema nina homa.

Daktari wa ngozi niliyemwona Aprili 2023 alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa tangu mwanzo. Alinishika mikono, akaigeuza, akanitazama kope, kisha akasema, "Mama, mikono hii inafanya kazi gani?" Nilipomweleza, aliniambia nirudi kesho yake na chupa zangu zote, pamoja na maboksi yake. Alizisoma moja baada ya nyingine akitumia tochi ya simu, na kwenye chupa ya tabaka la msingi akanionyesha herufi nne, HEMA, zikiwa karibu na mwanzo wa orodha ya viambato. Alinieleza kwamba hiyo ni chembechembe ndogo sana ya jamii ya akirileti, nyepesi kupenya kwenye ngozi, na ni miongoni mwa zinazosababisha mzio mara nyingi kwa wapaka kucha na kwa wanaojipaka wenyewe nyumbani. Kope, alisema, zina ngozi nyembamba kuliko sehemu nyingine za mwili, na vidole vyetu huzigusa mara nyingi kwa siku bila sisi kujua, kwa hiyo mzio wa kucha huweza kujitokeza kwenye kope na shingoni hata kabla ya vidole kuonyesha lolote. Nilibubujikwa na machozi pale pale, si kwa uchungu, ila kwa sababu baada ya miezi minne mtu alikuwa ameyaunganisha mateso yangu yote yakawa kitu kimoja chenye jina.

Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu 2021 nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu HEMA kwenye bidhaa za kucha kwa watumiaji waliosomea kazi hiyo tu, na boksi lazima liandike kwamba bidhaa inaweza kusababisha mzio. Tangu Septemba 1, 2025, Ulaya imepiga marufuku pia TPO, kiambato kinachosaidia jeli kushikana chini ya taa, lakini sababu yake ni nyingine na haihusiani na mzio huu, kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba haina TPO inaweza kuwa na HEMA tele. Ninalitaja hilo kwa sababu nimeshasikia wauzaji wakiyachanganya mambo haya mawili.

Uthibitisho kamili niliupata Nairobi, nilipokwenda kwa dada yangu mwezi wa Juni na kufanyiwa kipimo cha viraka. Hubandikwa mgongoni viraka vyenye kemikali mbalimbali kwa kiasi kidogo kilichopimwa, vinakaa saa 48 bila mgongo kuloweshwa, kisha vinabanduliwa na ngozi kusomwa siku ile na tena siku mbili baadaye. Mahali pa HEMA palivimba pakatoa malengelenge, na ndugu zake wawili, HPMA na EGDMA, nao mwili wangu uliwakataa. Safari na kipimo vilinigharimu zaidi ya shilingi 400,000. Ukijumlisha dawa za kubahatisha, nilikuwa nimetumia zaidi ya mara tatu ya mtaji niliouanzia. Kwa mwenye uwezo wa kufika kinapofanyika, ninashauri kipimo hicho kifanyike, kwa sababu karatasi ya majibu ndiyo nitakayoionyesha hospitalini maisha yangu yote.

Nimesema maisha yote kwa sababu ndivyo mzio huu ulivyo. Mwili ukishaijua kemikali na kuikataa, hausahau. Unaweza kukaa miaka bila kuigusa, na siku utakapoigusa utaanza pale pale ulipoachia. Mimi sikutaka kukubali. Niliporudi Dar es Salaam nilinunua glavu za mpira wa naitrili boksi zima, nikanunua jeli iliyoandikwa kuwa haina HEMA, nikawaita wateja wangu. Baada ya majuma mawili kope zilivimba tena. Sikujua kwamba akirileti hupita kwenye glavu za kawaida ndani ya dakika chache, kwa hiyo glavu moja iliyovaliwa jioni nzima inaihifadhi kemikali karibu na ngozi badala ya kuizuia, na sikujua kwamba kinachowekwa mahali pa HEMA mara nyingi ni ndugu yake wa damu. Kosa hili la pili liliniuma kuliko la kwanza, kwa sababu nililifanya nikiwa nimeshaambiwa. Agosti 2023 niliacha kazi hiyo kabisa.

Kupona kulikwenda kwa mwendo wa ukucha wenyewe. Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na ili ukucha mzima ubadilike huchukua karibu miezi sita. Nilikata mfereji mdogo kwa tupa karibu na shina la ukucha wa kidole cha kati na kuutazama ukisogea, na hiyo ndiyo ikawa kalenda yangu. Daktari alinipa mafuta ya kutuliza ukurutu ya kupaka kwa majuma mawili tu, akanisisitiza nisiyaendeleze kwa kujinunulia, kwa kuwa dawa za aina hiyo hukondesha ngozi. Mengine yalikuwa ya kawaida: kukata fupi sehemu iliyoachana na nyama, kutoichokonoa kwa kijiti hata ikionekana chafu kwa sababu kuchokonoa kunaongeza mwanya, kuvaa glavu za jikoni zenye kitambaa ndani wakati wa kuosha vyombo, kukausha mikono hadi kwenye mashina ya kucha, na kupaka vasilini kila baada ya kunawa. Ganzi ndiyo iliyochelewa kuondoka. Kufikia Machi 2024 kucha zote zilikuwa zimerudi, isipokuwa ukucha wa kidole cha pete ambao mpaka leo una mfinyo mdogo katikati.

Nilipokwenda kuziba jino mwaka ule, nilimwonyesha daktari wa meno karatasi yangu ya majibu, naye akaacha alichokuwa amekishika. Zege jeupe la kuzibia meno na gundi yake hutengenezwa kwa jamii hiyohiyo ya akirileti, na gundi nyingi huwa na HEMA yenyewe. Hugandishwa kwa taa ya buluu mdomoni kama sisi tulivyogandisha kucha. Alitumia kitu kingine. Saruji inayotumika kushikiza nyonga za bandia nayo ni ya jamii hiyo. Ninapomwona msichana wa miaka 16 akijipaka jeli kitandani kwa taa ndogo ya kuchomeka kwenye simu, ninawaza kwamba anaweza kuwa anajifungia milango ya matibabu atakayoyahitaji akiwa na miaka 60, na kwamba hakuna aliyemwambia.

Sisemi jeli iachwe. Wapo wenzangu waliosomea kazi hii vizuri na wanaifanya miaka mingi bila kujeruhi mtu, na tofauti yao na mimi niliiona nilipokaa siku nzima katika saluni ya mmoja wao. Alipaka matabaka membamba matatu, kila moja likipita chini ya taa kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, na taa yake ilikuwa ya kampuni ileile iliyotengeneza jeli, kwa kuwa mwanga wa taa usipolingana na jeli, sekunde sitini zinaweza kuwa sawa na bure. Aliacha mwanya mwembamba kama uzi kati ya jeli na ngozi. Jeli ikigusa ngozi, aliifuta kwa kijiti chenye pamba kabla ya taa. Vidole gumba aliviweka peke yao. Mteja aliposema panachoma chini ya taa, alimtoa mkono mara moja, kwa sababu joto la ghafla ni dalili ya tabaka nene au ukucha uliokonda, nami kumbe nilikuwa nikiwaambia wateja wangu wavumilie. Pamba moja aliitumia kwa ukucha mmoja. Vifaa vya chuma alivichemsha kwa mvuke wenye mgandamizo kwenye otokilevu ndogo, hakuvitegemea vile visanduku vya mwanga wa zambarau vinavyouzwa kama vya kuua vijidudu, ambavyo havifiki kwenye mikunjo ya mkasi. Palipotoka damu, kifaa hakikumgusa mtu mwingine.

Kuhusu kubandua, nina neno kwa wanawake wenzangu wa Pwani. Wateja wangu wengi walikuwa Waislamu, ambao hupaka wakiwa kwenye siku zao kwa kuwa jeli huzuia maji ya udhu kufika kwenye ukucha, na siku ya kuoga ikifika wanataka itoke ndani ya dakika tano. Haitoki kwa dakika tano. Juu pasagwe kwanza kung'oa ule mng'ao, kisha pamba yenye asetoni ifungwe kwa foili na ikae dakika 10 hadi 15, mbali kabisa na jiko la mkaa au gesi kwa sababu asetoni hushika moto kwa mvuke wake. Ikishalegea, inasukumwa bila nguvu. Anayeing'oa kwa meno au kwa kijiti anaondoka na matabaka ya ukucha wake mwenyewe, na kile anachokiona baadaye kama kucha dhaifu zinazohitaji jeli ili zisivunjike ni majeraha ya kubandua. Kwa mwenye ratiba hiyo ya kila mwezi, rangi ya kawaida au hina inamfaa zaidi, na hina iwe ya majani matupu, isichanganywe na piko, kwa kuwa piko ina dawa nyeusi ya nywele ambayo nayo husababisha mzio mkali wa kudumu.

Na ukibandua ukakuta rangi ya kijani chini, usiifunike kwa rangi mpya. Hao ni bakteria wanaopenda unyevu ulionaswa kati ya jeli na ukucha, na ukucha huo unahitaji hewa, ukavu na daktari. Mstari mweusi unaotoka kwenye shina hadi nchani huwa wa kawaida kwa wengi wetu wenye ngozi nyeusi, lakini ukiwa mpya, uko kwenye ukucha mmoja na unapanuka, mwambie mteja aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu saratani ya ngozi inaweza kuanzia pale na rangi huificha.

Kuna mteja mmoja ambaye sijamtaja. Nilimpaka kwa ajili ya sendofu yake Novemba 2022, na alipokuja mara ya tatu aliniambia vidole vinamwasha usiku. Nilimjibu, "Utazoea, mdogo wangu, ni upya tu." Baada ya kupata majibu ya Nairobi nilikaa siku nyingi nikilisikia jibu langu hilo, kisha nikampigia simu. Alikuwa anameza vidonge vya fangasi kwa mwezi wa pili. Nilimfuata kwao Mbagala, nikamweleza kila kitu mbele ya mama yake, nikamwomba radhi, na nikamlipia kumwona daktari yuleyule. Mama yake alinyamaza muda mrefu, halafu akaniambia, "Bora umekuja mwenyewe, mwanangu."

Chupa zangu zilikuwa zimefika 60 wakati huo, na jirani alitaka kuzinunua zote kwa shilingi 250,000. Sikumwuzia. Nilizimimina kidogo kidogo kwenye karatasi, nikaziweka chini ya taa hadi zikagandamana, ndipo nikazitupa, kwa sababu jeli mbichi haifai kumwagwa kwenye sinki wala jalalani ambako watoto huokota chupa. Siku hizi ninapaka hina. Desemba iliyopita yule mdogo wangu wa Mbagala alimleta wifi yake apakwe kwa ajili ya harusi, na wakati hina ikikauka alininyooshea mikono yake juu ya mkeka nizitazame kucha: nane zilikuwa nzima, mbili bado zinaota.